Usagara hadi ziwani: kupima afya ya kijito kwa neti, chungwa na beseni jeupe

Haya yameandikwa baada ya kurudi mjini, kutoka kwenye daftari lenye madoa ya tope na picha za simu. Kijito chenyewe kinashuka kutoka vilima vya mawe upande wa Usagara, wilayani Misungwi, na kuingia Ghuba ya Mwanza. Jina lake limeachwa kwa ombi la serikali ya kijiji. Safari ilifanyika mwishoni mwa Septemba, na wakati huo ulichaguliwa makusudi: kiangazi kinaelekea ukingoni, vuli haijashika, maji ni machache na yametulia, na wadudu wa majini, ambao ndio kipimo chetu kikuu cha afya ya kijito, wamepata miezi ya kukua bila kusombwa na mafuriko.

Jumapili, Mwanza mjini: vifaa

Kifaa cha kwanza ni neti. Fundi wa kuchomelea alipinda nondo ya milimita 6 kuwa mraba wa sentimita 30 kwa 30, akaufunga kwenye mpini wa mita moja na nusu, kwa shilingi 12,000. Wavu wake uwe na matundu ya milimita 1. Ukiwa mwembamba zaidi utaziba kwa mchanga mara moja, na ukiwa mpana zaidi wadogo watapita. Wengi hukimbilia chandarua cha mbu kwa sababu kipo nyumbani. Usikitumie kama kimewekwa dawa: dawa ileile inayoua mbu huua wadudu wa majini, na utabaki na beseni la maiti usijue kama wameuawa na kijito au na neti yako.

Vingine vilipatikana sokoni bila shida: mabeseni mawili meupe (rangi nyingine huficha wadudu wa kahawia), vijiko vya plastiki, kibano, kioo cha kukuzia, futi ya mita 30, rula ndefu, machungwa, glavu ndefu za mpira na mabuti. Spiriti ya asilimia 96 ilichanganywa na maji kufikia asilimia 70: mililita 730 za spiriti, kisha maji mpaka lita 1. Barafu ilinunuliwa Kirumba Mwaloni, kwa wauza samaki, ambako ni rahisi kuliko dukani na huja kwa mabonge makubwa yasiyoyeyuka haraka.

Kipimo cha oksijeni kilirekebishwa usiku huohuo. Hili linasahaulika sana kanda hii. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni pwani yana miligramu 8.3 hivi kwa lita. Hapa kwetu ni kama 7.2 tu. Ukiacha kipimo kwenye mpangilio wa pwani, kila mkondo wa Mwanza utaonekana mgonjwa hata ukiwa mzima.

Jumatatu: Buhongwa, Usagara, ofisi ya kijiji

Daladala mpaka Buhongwa, nyingine mpaka Usagara, kisha bodaboda kwa shilingi 4,000 kwenye njia ya vumbi kuelekea ziwani. Ndoo na neti zililipiwa kama abiria mwingine, na ni haki, maana kweli zilichukua nafasi ya mtu.

Mtendaji wa kijiji alikuwa kikaoni wilayani, akarudi saa tisa alasiri. Bila barua ya utambulisho na sahihi yake hakuna kushuka mtoni. Hata pasipo sheria, watu wakiona wageni wenye chupa na glavu kwenye maji wanayokunywa, wana haki ya kuuliza. Mama lishe wa pale jirani aliona mizigo juani, akafungua banda lake na kuleta michembe ya kuchemsha na karanga. Pesa alikataa. "Mnapima maji yetu, niwadai nini?"

Jioni ilitumika kutembea kijito chote kwa mguu, kilomita nne hivi, bila kugusa maji. Hatua hii isirukwe. Mahali pa kupimia panachaguliwa kwa macho kwanza, na swali ni moja: madhara yanaingia wapi? Pointi A iliwekwa juu, kando ya ngitili ambayo ukoo mmoja umeihifadhi kwa malisho ya kiangazi. Kingo zake zina miti na nyasi ndefu, na juu yake hakuna shamba. Pointi B iko chini ya bustani za nyanya na mchanganyiko wa vijia vya ng'ombe, mita 200 baada ya shimo ambako malori huchota mchanga wa kujengea. Pointi C iko karibu na ziwa, lakini juu ya pale ambapo maji ya ziwa yanarudi nyuma kwenye mdomo wa kijito. Ukipima chini ya hapo, unapima ziwa na kuliita kijito.

Kila pointi ni urefu wa mita 20 wenye mambo matatu: mahali pa kasi, dimbwi, na ukingo wenye majani.

Jumanne: C, B, A

Kazi huanza chini na kupanda juu. Ukianza juu, tope ulilolivuruga litakufuata mpaka pointi ya mwisho, pamoja na wadudu uliowang'oa kwenye mawe.

Kwenye kila pointi mpangilio ulikuwa uleule: vipimo vya maji kwanza, kabla mguu haujaingia, kasi ya maji baadaye, wadudu mwisho. Kasi tuliipima kwa chungwa. Huelea likiwa limezama sehemu kubwa, kwa hiyo upepo wa ziwa hauliyumbishi kama kipande cha kijiti. Pointi A chungwa lilisafiri mita 10 kwa sekunde 40, wastani wa majaribio matatu, yaani mita 0.25 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, zidisha kwa 0.85: inabaki 0.21. Upana mita 1.6, kina cha wastani sentimita 14. Zidisha vyote vitatu, unapata karibu lita 48 kwa sekunde. Kina kipimwe sehemu tano za upana. Kipimo kimoja cha katikati hudanganya, kwa sababu katikati ndiko kwenye kina kirefu.

Kuhusu usalama, jambo moja halina mjadala: kichocho. Konokono wanaobeba vimelea wapo kando ya ziwa lote hili, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, hasa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Mabuti marefu na glavu za kufika kwenye kiwiko, pointi zote, hata maji yakiwa meupe kiasi gani. Pointi C ilihitaji tahadhari nyingine. Wenyeji waliulizwa kwanza kuhusu mamba, na mzee mmoja mvuvi akakaa ukingoni akitazama maji muda wote wa kazi. Alikuwa na nyavu zake za kushona, akazishonea palepale.

Kukusanya wadudu kulichukua dakika tano za kazi kila pointi. Neti huwekwa mdomo ukitazama maji yanakotoka. Mtu husimama mbele yake na kusugua mawe kwa buti na mikono ili kila kilichojishikiza kielee na kuingia. Kisha neti hupitishwa chini ya majani ya ukingo, kwa kusukuma na kuinua, na mwisho kwenye mchanga. Kinachokosewa mara nyingi ni kupenda sehemu moja. Anayesugua mawe tu atakosa kerengende, na anayepiga majani tu atakosa wale wa maji ya kasi.

Alama tulizotumia ni za miniSASS, mfumo mwepesi uliotoka Afrika Kusini, wenye makundi 13 tu. Tanzania ina mfumo wake kamili, TARISS, unaotambua wadudu mpaka ngazi ya familia. Huo unataka mtu aliyefunzwa. Kwa kijiji kinachotaka kurudia kipimo chenyewe, makundi 13 yanatosha. Kila kundi lina alama kulingana na linavyovumilia uchafu: minyoo na ruba 2, mabuu ya nzi na mbu 2, minyoo bapa 3, konokono 4, kerengende wembamba 4, kunguni wa maji na mbawakawa 5, kerengende wanene 6, kaa na uduvi 6, mabuu wajenga vijumba na wafuma nyavu 9. Wale wenye mikia mitatu na matamvua kwenye ubavu wa tumbo wamegawanywa: waogeleaji kama vidagaa 5, wengine wote 11. Nzi wa mawe, wenye mikia miwili, wana 17. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, unagawanya kwa idadi ya makundi. Wingi wa wadudu hauhesabiwi: kaa mmoja na kaa kumi ni 6 ileile.

Pointi A ilitoa kaa, wenye mikia mitatu wa aina zote mbili, kerengende wa aina zote mbili, kunguni wa maji, wafuma nyavu na mabuu ya nzi. Jumla 48, makundi 8, wastani 6.0. Pointi C, kwenye matete na mafunjo, ilikuwa na makundi 9 lakini wengi wavumilivu: jumla 36, wastani 4.0. Pointi B ilikuwa na makundi 6, jumla 22, wastani 3.7. Mfumo una viwango tofauti vya vijito vya mawe na vya mchanga, na usichanganye. Ila wastani wa chini ya 5 hauna tafsiri nzuri popote.

Nzi wa mawe hatukumpata hata pointi A. Hilo lisitangazwe kuwa ushahidi wa uchafu. Ni mdudu wa maji ya kasi yenye oksijeni nyingi, na kijito chenye mteremko mdogo kwenye luseni, udongo wa kichanga wa kanda hii, huenda hakikuwahi kumpa makazi. Ndiyo maana pointi A ipo: B hulinganishwa na A ya kijito hichohicho, si na kijito cha milimani Usambara.

Sasa tazama kipimo cha kielektroniki kilisema nini siku hiyohiyo. Pointi B saa tano asubuhi: nyuzi 27, oksijeni miligramu 7.0, yaani maji yameshiba kabisa. Pointi A saa nane mchana, kivulini: nyuzi 23.5, oksijeni 6.5. Bomba la uwazi la sentimita 60, mrija unaojazwa maji ya kijito ili kupima macho yanapenya mpaka wapi, lilionekana mpaka chini pointi A, na mpaka sentimita 52 pointi B. Mtu mwenye mashine peke yake angeandika kuwa B ni nzima kama A, pengine kuzidi. Wadudu wanasema kinyume, na wao wamekaa mle kwa wiki na miezi, si kwa dakika tatu.

Chakula cha jioni: ugali, sato wa mchuzi na mgagani, shilingi 5,000 kwa sahani, na ilishibisha.

Jumatano alfajiri: kurudi B gizani

Tofauti ile ilihitaji jibu. Pointi B haina kivuli, na mawe machache yaliyobaki juu yamefunikwa na ukungu wa kijani wa mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku mwani huohuo huivuta, pamoja na bakteria wanaoozesha mbolea na majani. Kwa hiyo saa ya ukweli ni kabla ya jua. Mama mwenye bustani ya nyanya alisikia mazungumzo hayo jana yake, akaja na tochi saa kumi na moja na nusu bila kuombwa, ili tusikanyage miche yake na tusikanyage nyoka. Oksijeni pointi B: 3.9. Pointi A, nusu saa baadaye na jua bado halijatoka: 6.2.

Wanaopima kwa mara ya kwanza waandike saa kwenye kila namba. Oksijeni isiyo na saa ni namba bure.

Kisha mawe yenyewe. Tuliokota mawe 20 kila pointi, bila kuchagua, tukakadiria sehemu iliyozikwa mchangani. Pointi A kwa kawaida robo. Pointi B robo tatu, na mengi yalihitaji kung'olewa kwa nguvu. Hapa ndipo penye jibu la wafuma nyavu na wale wenye alama 11. Wanaishi chini ya jiwe na kwenye nyufa kati ya jiwe na jiwe. Mchanga ukijaza nyufa, nyumba imefungwa, hata maji yawe safi namna gani. Waliobaki ni wanaoweza kuogelea, kupanda majani, au kuishi ndani ya tope: minyoo, na mabuu mekundu ambayo ni ndugu wa wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi. Wekundu wao ni himoglobini, inayowawezesha kuishi palipo na oksijeni kidogo.

Sampuli za bakteria zilichukuliwa asubuhi hiyo kwenye chupa zilizochemshwa maabara, zikawekwa kwenye barafu. Sampuli ya aina hii inapaswa kufika maabara ndani ya saa sita. Daladala ilipasuka tairi kabla ya Buhongwa, spea nayo haikuwa na upepo, na kufika mjini zilikuwa zimepita zaidi ya saa saba tangu zichukuliwe. Zilimwagwa. Safu ya bakteria kwenye jedwali imebaki tupu, na ndivyo inavyostahili: namba iliyochelewa ni mbaya kuliko nafasi wazi, kwa sababu mtu ataiamini. Anayekwenda njia hii akodi bodaboda moja kwa moja kwa siku ya sampuli tu. Ni ghali, lakini ni rahisi kuliko kurudia kazi.

Alhamisi: mvua kabla ya wakati wake

Usiku ilinyesha kwa muda wa saa moja hivi, kwa nguvu. Baada ya mvua ya namna hiyo kazi ya wadudu husimama kwa wiki moja au zaidi, kwani wengi wamesombwa na waliopo si wa pale. Bahati ni kwamba wadudu walikwisha kukusanywa.

Mvua ilileta kazi nyingine. Maji yakiwa mekundu unaweza kufuata tope mpaka lilikotoka. Bomba la uwazi saa moja asubuhi: pointi A sentimita 31, pointi B sentimita 6. Tukapanda kutoka B tukipima kila mita 50, na namba haikubadilika polepole. Ilibadilika sehemu mbili. Moja ni shimo la mchanga, lilivyotarajiwa. Ya pili ni kijia cha ng'ombe kinachoshuka wima mtoni, ambacho mvua imekigeuza mfereji. Bustani za nyanya, ambazo kila mtu alikuwa akizinyooshea kidole, zilichangia kidogo, kwa sababu mama yule na jirani zake wameacha ukanda wa majani marefu kati ya matuta na maji. Hatukuwa tumelitegemea hilo, na ni haki yake lisemwe.

Bodaboda hazikupita siku hiyo. Kijana mmoja alibeba ndoo zetu kwenye mkokoteni wa maksai mpaka barabara kubwa, akakubali shilingi 3,000 baada ya kushikwa mkono.

Ijumaa: ofisi ya kijiji

Matokeo yalisomwa mbele ya wajumbe, wafugaji na wachota mchanga. Badala ya kuanza na namba, tulipitisha chupa mbili za spiriti mkono kwa mkono, ya A na ya B, watu wakazishika mwangani. Maswali yalianza bila kuitwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira yake. Mtendaji aliisoma. Mfugaji mmoja mzee akauliza ng'ombe 200 wanywe wapi basi, na swali lake lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu lilistahili. Yaliyofikiwa: kijia cha wima kifungwe kwa miiba na matete, na pafunguliwe njia moja ya kushukia kwa mlalo, iliyotandikwa mawe, chini ya bomba la wachota maji na si juu yake. Shimo la mchanga lihamishwe kutoka kwenye kingo. Hili halikuisha, maana wenye malori hawakufika, na mwenyekiti amewaita kwa barua.

Kwa atakayefuata, mambo mawili. Neti, mabuti na ndoo zisuguliwe na kukaushwa juani kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, ili usihamishe konokono wala vipande vya magugu maji. Na aliyeloa bila glavu asikimbilie dawa ya kichocho kesho yake: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Akapime baada ya wiki sita mpaka nane, na kama ana homa au muwasho kabla ya hapo amwone daktari na amweleze aliingia maji gani.

Vigingi vya nondo vimepigwa pointi zote tatu, vimepakwa rangi nyeupe, na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi amekabidhiwa neti moja, beseni na karatasi ya alama. Kipimo kinachofuata ni Juni, masika yakiisha, kuanzia C kwenda A, na oksijeni alfajiri.